Mkia wa Mjusi na Wivu wa Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mwili, mwili una vyumba, kila chumba kina kuni, nguzo na ukuta.

— Na sisi tumo?

Nyote mmo, hata wewe Mwanaidi unayejikuna. Sogeeni basi.

Hapo kale, katika kijiji cha wanyama kando ya bwawa, Mjusi alikuwa na mkia. Na mkia wenyewe, jamani! Mrefu, mwembamba, una mistari ya buluu, ukipita mchangani unaacha maandishi. Kiboko naye alikuwa na mkia, lakini tusimcheke. Ulikuwa kijiti tu, mtu angedhani fundi aliishiwa vifaa.

Kijiji hicho kilikuwa na desturi. Ngoma ya harusi ilichezwa kwa mstari, na kila mchezaji alifuata mkia wa aliye mbele yake. Kwa hiyo kiongozi lazima awe na mkia wa kuonekana. Kila harusi aliitwa Mjusi. Kila harusi Kiboko alimtazama, na roho ikamuuma.

"Mwili wote huu," alisema Kiboko, "naongozwa na kitu ambacho nikipiga chafya kinapeperuka?"

Wivu ulimshika, akasusa hata majani.

Nami wivu naujua, msinitazame hivyo. Wifi yangu aliponunua kabati la vioo, nilikaa siku mbili bila kumsalimu.

Basi ikabaki miezi miwili, binti Swala aolewe. Kiboko akamkuta Mjusi anaota jua. Akajifanya hamwoni. Akakanyaga. Kacha! Mkia ukabaki chini ya unyayo, unarukaruka peke yake.

"Samahani, mdogo wangu," alisema Kiboko. "Nilidhani kamba."

Mjusi alilia sana. Bila mkia haongozi harusi, na asiyeongoza hukaa nyuma kabisa, anakula vumbi la wenzake. Akaenda kwa Bibi Nungunungu, mlinzi wa ghala la vifaa vya kujengea miili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mkia uko wapi?"

"Umekanyagwa."

"Nyamaza basi. Mkia hujengwa. Mwili wote ni vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, vinaitwa seli. Wanga ni kuni za kila chumba. Protini ndizo nguzo, na ndizo zinazofanya kazi humo ndani. Mafuta ni ukuta, tena ni akiba ya siku ya njaa. Na huu hapa ni uzi wa nasaba. Umejikunja, unauona? Huu ndio unaosema nguzo ikae wapi na mkia uishie wapi."

Kabla hajamaliza, tii! tii! tii! Kiboko huyo mlangoni. Alikuwa nyuma ya ukuta, amesikia yote.

"Mjusi akipewa, nami nipewe," alisema. "Nami nataka mkia mrefu."

"Vilivyopo vinatosha mkia mmoja tu," alisema Bibi Nungunungu. "Mtagawana. Mjusi atagawa mafungu mawili, Kiboko atachagua kwanza. Hapa kwetu mgawaji huchukua linalobaki."

Mjusi akagawa. Huku akaweka gunia la wanga, kikapu cha protini na mtungi wa mafuta. Huku akaweka uzi peke yake, juu ya jani. Kisha akalikodolea macho lile fungu kubwa, akameza mate. Gudu.

"Kaka Kiboko, chukua uzi," alisema. "Ni mwepesi, hautakuchosha." Gudu.

Kiboko akamtazama. "Kwani wewe unalitaka lile kubwa?"

"Mimi? La, kaka. Nitalifanyia nini?" Gudu. Na mkono wake ukalipapasa gunia.

Wivu ukampanda Kiboko mpaka masikioni. Kitu anachokitamani mwenzake, yeye hawezi kukiacha.

"Langu," alisema, akabeba vyote.

Akafika kwake. Akala wanga, nyam nyam, akageuka kutazama. Mkia uleule. Akala protini, nyam nyam, akageuka kutazama. Mkia uleule. Akanywa mafuta, gubu gubu, akataka kugeuka, asiweze. Tumbo limemzuia. Kuni, nguzo na kuta zote zimo ndani, lakini hakuna wa kuzielekeza, basi zikaenda tumboni na shingoni.

Vilivyomwagika vikaita nzi. Vuuu! Nzi wakala wanga, wakala protini, wakalamba mafuta. Na ukutani alikuwa nani? Mjusi, uzi ameshaumeza. Akatoa ulimi, nap! Nzi mmoja, wanga kidogo, protini kidogo, mafuta kidogo. Nap! Nzi wa pili. Na uzi ndani ukawa unasema: wewe nguzo kaa hapa, wewe ukuta simama pale. Mkia ukachomoza, ukarefuka, nap, nap, nap, hadi siku ya harusi.

Ngoma ikalia, mstari ukapangwa. Mjusi mbele, mkia mpya nyuma yake. Na aliyepangwa kuufuata mkia huo ni Kiboko. Akautazama kutoka uwanjani hadi kwa bwana harusi, roho inamchoma. Mwishowe akainua mguu.

Mjusi hata kugeuka hakugeuka. "Kanyaga tu, kaka," alisema. "Uzi ninao, na nzi wako ni wengi."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Kiboko akaikimbia harusi, akajitupa bwawani, chubwi! Mpaka leo yumo humo, ametoa macho tu. Watu husema anapumua. Si kweli, anachungulia mikia ya wenzake.

Funzo lake ni hili, wanangu: ukiambiwa uchague, chukua fungu kubwa, uzi waachie wajinga. Mimi hufanya hivyo kila siku, na mnaniona nilivyo, hata kugeuka siwezi.

— Tunakuona!

Basi hadithi yangu imefika kwake, imevua viatu. Atakayeionea wivu akatunge yake.