Blanketi la Bi Mwanahawa

“Homa ya mwenye dripu haifunikwi blanketi.” Mmelisikia hilo leo kwa jirani, mkacheka, halafu mkaja mbio kuniuliza limetoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe Shufaa, weka hiyo simu chini. Methali hii ilianza hivi.

Hapa hapa Korogwe, Bi Mwanahawa, mke mkubwa wa fundi cherehani Shemboko, alipatwa na saratani ya titi, akaanza kutundikiwa dripu za dawa hospitalini. Aliyemsindikiza kila safari ni mke mwenzake, Zaituni. Mwanahawa hakumwamini hata chembe. Ukewenza mnaujua nyie? Hata chumvi ikizidi mchuzini, mtu hutafuta kisa.

Nesi aliwapa kadi yenye namba ya simu, na kipimajoto. “Dawa hii hushusha kinga ya mwili,” aliwaambia. “Joto likifika thelathini na nane, usiku au mchana, msingoje, na msimeze dawa ya kushusha homa, itaificha. Pigeni simu, mje.”

Siku ya tisa tangu atundikiwe dripu, baada ya adhuhuri, Mwanahawa akaanza kutetemeka. Akajipima kwa siri: thelathini na nane na nusu. Aliogopa, lakini zaidi alimwogopa Zaituni. Tangu asubuhi mke mwenzake huyo alikuwa amemwuliza mara tatu, “Dada, husikii baridi?” Huyu ananiombea nini? Tena juzi Mwanahawa alimkuta akipima kwa kamba dirisha la chumba chake yeye Mwanahawa. Mapazia ya nani hayo? Anataka nilazwe, nikirudi nikute kitanda chake humu. Thubutu!

Akameza vidonge viwili vya homa, akajifunika blanketi gubigubi.

Alasiri Zaituni akaja kumpima. Thelathini na saba na kidogo.

“Umeona? Mzima mimi. Nenda zako.”

Zaituni hakwenda. Meno ya mwenzake yalikuwa yakigongana. Akainua mto, akakuta karatasi ya vidonge, viwili hamna.

“Umemeza saa ngapi?”

“Yakuhusu nini? Ngoja nife uhamie chumbani kwangu!”

“Nihamie?”

“Ulikuwa unapima dirisha, nilikuona!”

“Nilipima wavu wa mbu, dada!” Machozi yakamtoka Zaituni. “Sitaki hata mbu akuguse. Ukifa, mimi nitagombana na nani humu ndani? Inuka!”

Akapiga ile namba, akaita bajaji. Hospitalini daktari akakuta chembe nyeupe za damu zimekwisha, na maambukizi yameshaingia kwenye damu. Akamwanzishia dawa za mshipa palepale.

“Mngengoja kesho,” alisema, “ningekuwa naongea na mmoja wenu tu.”

Mwanahawa alilazwa siku sita, Zaituni akilala sakafuni kando yake. Aliporudi nyumbani alikuta kitanda chake palepale, na dirishani wavu mpya. Akakaa akalia kwa aibu.

Dripu iliyofuata, siku ya nane, baridi ikamtambaa tena mgongoni. Mkono ukalishika blanketi kwa mazoea. Akalitupa sakafuni.

“Zaituni!” akapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. “Lete kipimajoto, mwenzangu, na uite bajaji! Homa ya mwenye dripu haifunikwi blanketi!”