Mtungi wa Bi Sunok

"Hadithi, hadithi!"

"Njoo hadithi, tukuonje!"

Hapo kale, kale ile ambayo babu zangu nao waliisikia kwa babu zao, huko Korea aliishi Bi Sunok. Kazi yake soya. Alichemsha, akaponda, akaifinyanga kama matofali, akayafunga kwa nyasi za mpunga, akayaning'iniza mpaka yakaota ukungu mweupe. Kisha mtungini, kwenye maji ya chumvi, yapate kuchacha polepole. Msizibe pua, nyie! Chakula hicho kilituliza matumbo na kuwatia watu nguvu wakati wa baridi, nyama hakuna.

Watu wa huko waliamini kuwa mtungi wa soya ukiharibika, na nyumba imekwisha. Sasa mwaka mmoja mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Matofali yakaota ukungu mweusi hadi ndani kabisa. Bi Sunok akaona. Akanyamaza, maskini, kwa aibu. Akayatia mtungini hivyo hivyo, akazidisha chumvi kuficha uchungu wa ukungu ule.

Mumewe, Mzee Mansik, akala. Asubuhi akala, jioni akala. Miguu ikavimba, kichwa kikamgonga, tumbo likamkata.

"Mama," akasema Okbun, mke wa mwanawe, kwa sauti ya chini, "mtungi huu si mzima. Tuumwage."

"Tuumwage? Unataka nyumba yangu ife?"

"Nyumba ni nani, mama? Si baba yule aliyelala pale?"

Bi Sunok akakasirika, tena sana. Akachota bakuli jingine, akampelekea mumewe. Mzee akalipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, mke wangu. Chakula chako ndicho kitakachoniinua."

Akalipeleka mdomoni. Bi Sunok akampokonya!

"Usile! Nilijua, baba watoto. Tangu mvua zile, nilijua."

Akalia. Kisha akaumwaga mtungi mchana kweupe, majirani wakitazama, akaenda kuomba soya kwa wale wale waliozoea kumwomba yeye. Akatia kidogo tu kwenye mchuzi wa mboga.

"Mbona leo chumvi haifiki?" mzee akanung'unika.

"Na kesho haitafika. Kula."

Miguu ikaanza kunywea.

Wajukuu zangu, soya iliyochacha vyema ni neema, lakini ukungu mweusi ni sumu, na chumvi ikizidi hudhuru hata aliyezoea. Na mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hadithi yangu imefika kitako cha chungu. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi.