Kwa Nini Kumbikumbi Huyaacha Mabawa Mlangoni

Tafuneni taratibu, hakuna anayewakimbiza. Hao kumbikumbi mnaowatia mdomoni kwa viganja walikuwa kwenye sikukuu yao jana, na si adabu kumla mgeni wa sikukuu bila hata kujua alikuwa anakwenda wapi. Na wewe uliyeshika ufagio, yaache hayo mabawa hapo kizingitini. Yana mwenyewe. Nikimaliza utamjua.

Zamani mchwa hawakuwa na sikukuu. Viumbe wengine wote walikuwa nayo, moja tu na kubwa, nayo ilikuwa siku ile mvua ya kwanza inapoanguka baada ya kiangazi kumchosha kila mwenye roho. Siku hiyo Chura alipiga ngoma, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Konokono aliisugua nyumba yake mpaka ikang'aa. Kobe, ambaye alianza safari kiangazi kikiwa katikati ili awahi, alifika wenzake wanaosha masufuria, akapewa ukoko, na kila mwaka aliapa kwamba mwakani ataondoka mapema zaidi. Na Jongoo, bwana mwenye miguu yote ile, alikuja na viatu vipya, mguu kwa mguu, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Watu walisahau nani alipika nini, lakini viatu vya Jongoo vilizungumzwa mpaka mvua ya mwaka mwingine.

Ndani ya kichuguu habari hizo hazikufika. Mle mlikuwa na giza la kudumu, na katika giza hilo alitawala Mama Mchwa, mama wa wote, mnene kiasi kwamba chumba chake kilijengwa yeye akiwa ndani na hakikuwa na mlango wa kumtoa. Mama Mchwa alikuwa na neno moja. "Siku ni siku," alisema. Hakuna kubwa wala ndogo. Masika kwao yalikuwa udongo laini, kiangazi kilikuwa udongo mgumu, na vyote viwili vilikuwa kazi. Baba Mchwa alilala ubavuni pake, na alikuwa hajasema kitu kwa miaka mingi hata watoto wadogo wakadhani ni mto wa kuegemea.

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo binti aliyeitwa Kidawa, fundi wa kuziba. Paa la kichuguu likitoboka, yeye ndiye aliyepanda na tonge la udongo mdomoni, akalishindilia kwenye tundu, akashuka. Alikuwa hodari wa kazi, na tonge likiwa halimo mdomoni alikuwa hodari wa maneno.

Mwaka mmoja mvua ya kwanza ikatoboa paa, Kidawa akapanda. Tundu lilikuwa kubwa kuliko alivyozoea, na badala ya kuziba alichungulia kidogo. Hapo ndipo alipoharibikiwa. Aliona mwanga, akaona majani yanavyometameta, akamwona Chura amevimba shingo, akawaona watu wanacheza bila kubeba kitu chochote, wakiitana majina na kusifiana mavazi. Alichungulia mpaka tonge likamkaukia mdomoni. Aliporudi chini ilibidi askari wawili waligongegonge kwa vichwa vyao ndipo likavunjika, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa hili: "Jongoo ana viatu vyekundu!" Ndugu zake waliulizana gizani. Hapakuwa na hata mmoja aliyejua Jongoo ni nani, wala viatu ni nini, wala wekundu ni kitu gani.

Tangu hapo Kidawa hakuwa na raha. Alijenga, alikula, alilala, lakini moyo wake ulibaki kule tunduni, na ulimuuma kwelikweli. Si kwamba alichoka kazi. Alichoka kutojua leo ina tofauti gani na jana. Akavumilia kiangazi kizima, na udongo ulipokauka mpaka mwisho akaenda kwa mama yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeziba?"

"Nimeziba. Mama, naomba ruhusa nikaione sikukuu."

"Siku ni siku, mwanangu."

"Basi kama zote ni sawa, nipe hiyo moja. Hutaona pengo."

Mama Mchwa akageukia pale wazazi wanapogeukia wakikosa jibu. "Na utavaa nini? Utatoka mbele za watu na hilo tumbo jeupe, waseme watoto wangu hawana nguo?"

Hapo ikasikika sauti nzito iliyojaa vumbi. "Mwache mtoto aende."

Kichuguu kizima kikasimama. Askari walikimbia huku na huku wakimtafuta mgeni aliyeingia. Mama Mchwa ndiye aliyetambua kuwa ni mumewe, na mshtuko huo ndio uliomponza akalegeza msimamo. "Haya. Atakayepata nguo ya kutokea, aende," alisema. "Lakini mnisikie vizuri. Atakayevuliwa nguo mbele za watu asirudi hapa kuniletea aibu." Alisema hivyo akiwa na hakika kwamba nguo haitapatikana.

Hakumjua Kereng'ende. Kereng'ende aliishi kando ya bwawa, akishona mabawa kiangazi chote, mabawa membamba ya kupitisha mwanga, na makasha yalikuwa yamemjaa hadi darini. Kila mtu alimwita Shangazi, ingawa hakuna aliyepata kumwona kaka yake. Na Shangazi Kereng'ende hakuwa mchoyo. Mchoyo ana nafuu, maana akikunyima mambo yameisha. Shangazi alikuwa mwazimishaji.

"Chukua, mwanangu, chukua!" alimwambia Kidawa akifungua kasha. "Manne, kama yangu mimi. Na ndugu zako? Waite ndugu zako! Wote waje! Sharti langu dogo tu, yasilowe."

"Shangazi, lakini hii ni sikukuu ya mvua."

"Ndiyo maana nakwambia mapema."

Kidawa akaahidi kwamba watatoka mvua ikikatika. Akarudi nyumbani na habari, na wale ndugu waliokuwa wakimcheka kwa ajili ya viatu vyekundu wakawa wa kwanza kupanga foleni bwawani. Mama Mchwa alisikia milio ya mabawa ikipita juu ya chumba chake, akamsonya mumewe. Baba Mchwa alikuwa amerudia ububu wake, na ilikuwa busara.

Siku ikafika. Mvua ya kwanza ikapiga, ikakatika, jua likachomoza, na milango ya kichuguu ikafunguka. Walitoka kama moshi wa jiko la sherehe, wengi, wanang'aa, na Chura kwa mara ya kwanza maishani mwake alikosa pigo la ngoma. Jongoo, aliyekuwa amevaa manjano mwaka huo, alijikuta hakuna anayemtazama miguu. Kidawa aliruka, akatua, akaruka tena, akacheka mpaka akapaliwa. Akamkumba kijana mmoja wa kwao, mjenzi wa vyumba vya chini, jina lake Shomari. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona uso.

"Kumbe wewe ndiye unayenikanyaga kila siku pale kwenye kona?" alimuuliza.

"Kumbe wewe ndiye unayeniachia matonge katikati ya njia?" alijibu Shomari. Wakaanza kucheza pamoja.

Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako, na hasa mwenye nguo akiwa amealikwa. Shangazi Kereng'ende alianza polepole. Alimwinamia Konokono akamnong'oneza, "Umeyaona mabawa yale? Ya kwangu." Akamfuata Jongoo, akamwambia hayo hayo kwa sauti kubwa zaidi. Akampitia Shomari, akasema, "Kijana, usiegemee hapo, utanikunjia." Akamshika binti mmoja bega, akamgeuza mbele za watu, akasema, "Zunguka kidogo, mama, waone mshono." Na Chura alipoinama kunywa maji, ngoma ikatulia, Shangazi akapanda juu ya bua akapaza sauti: "Jamani, hao mnaowaona wanang'aa wote ni mimi! Bila mimi wangekuwa hapa na matumbo wazi!"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kicheko kikishatoka hakina namna ya kurudishwa kinywani.

Kidawa aliona aibu. Angeweza kunyamaza. Sikukuu ilikuwa bado mbichi, pilau haijapakuliwa, na mabawa yakibaki mgongoni mlango wa nyumbani ungebaki wazi. Mwaka mzima alikuwa ameingoja siku hii, na sasa kila aliporuka alisikia kama ni Shangazi anayeruka. Akajiambia kwamba sikukuu moja tu aliyopewa hawezi kuila akiwa kama kamba ya kuanikia nguo za mwenzake.

Akajitikisa. Mabawa manne yakaanguka. Akayakusanya, akayaweka taratibu mbele ya Shangazi. "Asante, Shangazi, umenifaa," alisema. "Ila kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mimi nitacheza kwa miguu." Kisha akageuka na tumbo lake jeupe mbele za umma, akacheza.

Shomari akajitikisa naye. Ndugu zao wakatazamana, wakajitikisa wote, mabawa yakanyesha pale uwanjani hadi Shangazi, aliyeshuka kuyaokota, akafunikwa kifuani. Chura akarudi ngomani, akapiga kuliko alivyowahi kupiga. Na mawingu, ambayo hayakuwa yameahidi mtu chochote, yakarudi. "Yatalowa!" Shangazi alipiga mayowe, akikumbatia fungu hili, fungu lile likimponyoka. "Nisaidieni jamani, yatalowa!" Aliyemkaribia alikuwa Kobe peke yake, ndiyo kwanza anawasili, na akapita juu ya mabawa yote akiulizia ukoko.

Walicheza mpaka wakachoka, kisha wakaenda nyumbani. Mlangoni walikuta askari.

"Mama amesema aliyevuliwa nguo asiingie," askari alisema.

"Hatukuvuliwa," alijibu Kidawa, "tulivua."

Askari akafikiri sana, na kufikiri hakukuwa kazi yake. "Nguo ziko wapi?" aliuliza. Kidawa akaonyesha kule uwanjani, kwa Shangazi. Mlango ukazibwa, tena kwa tonge zuri, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanaoziba.

Hapo Kidawa akalia. Alilia bila kujificha, palepale mlangoni, akimlilia mama yake. Shomari alimngoja amalize, kisha akaugusa udongo uliolowa. "Laini," alisema. "Kwani kujenga tumesahau?" Wakachimba. Ndugu zao nao, wawili huku, wawili kule, wakatawanyika wakachimba, kila mmoja akiificha aibu yake mahali ilipomkuta. Wale waliozubaa njiani walionwa na kuku, na habari za kuku mnazijua.

Miaka ikapita, chumba kikawa vyumba, vyumba vikawa kichuguu. Kidawa akawa mama, akanenepa, nyumba ikamzunguka mpaka naye akawa hana mlango wa kumtoa. Shomari alilala ubavuni pake, na maneno yake yakapungua mwaka hadi mwaka. Ndipo siku moja ngoma ikasikika kwa mbali juu ya udongo, na mtoto mmoja akauliza, "Mama, kelele gani hizo?"

Kidawa akafungua mdomo. "Siku ni..." alianza, kwa sauti ya mama yake hasa, akajishtukia. Akalimeza neno lile, na lilikuwa chungu kushuka. "Ni sikukuu," alisema. "Nendeni kwa Shangazi mkaazime mabawa. Ataapa kuwa haazimishi tena, mwacheni aape, mkiondoka bila kitu atawafuata njiani. Mvua ikikatika tokeni. Akianza kusema, vueni wenyewe kabla hamjavuliwa. Na msirudi hapa. Udongo utakuwa laini."

Na tangu siku hiyo kumbikumbi hutoka mara moja kwa mwaka, mvua ya kwanza inapokatika, huruka kidogo kwa mabawa ya watu, huyaacha popote maneno yanapoanzia, kisha huenda wawili wawili kutafuta pa kuchimba. Tangu siku hiyo kereng'ende hazunguki ila juu ya madimbwi, akiinama na kuinuka, anaangalia yapi yamelowa. Ndiyo maana nimekwambia weka ufagio chini. Atayapitia mwenyewe, na mimi sitaki kelele zake mlangoni kwangu.

Nanyi mkipita penye kichuguu siku ya mvua ya kwanza, msikiguse. Juu ya paa kuna fundi mdogo mwenye tonge mdomoni, anachungulia, na kule chini yuko mama mzito asiyeweza kutoka tena, anapaza sauti: "Usizibe kwanza, mwanangu! Jongoo amevaa rangi gani mwaka huu?"