Mkungu wa Bi Tunu na Kanuni ya Mpima

Hapo zamani, zamani za juzi tu, Bi Tunu alimwaga maji aliyooshea mchele kwenye shina la mti wa mkungu uliokuwa mbele ya nyumba yake. Alifanya hivyo kila siku kabla ya kubandika chungu. Siku hiyo mumewe alikuwa ameketi barazani, karatasi magotini, akiandika kanuni.

Mume aliitwa Sechonge, lakini mtaa mzima ulimwita Mpima. Alisomea upimaji wa ardhi chuo kikuu, akapima viwanja vya watu kwa miaka thelathini na minne, akastaafu, na tangu hapo hakuwa na cha kupima. Kwa hiyo mtaa huo, Barabara ya Mikungu, ulipotafuta namna ya kulipia matunzo ya miti yake, kamati ilimwendea yeye. Halmashauri ilikwisha kusema haina fungu. Kulikuwa na mikungu kumi na miwili, kila mmoja mbele ya geti la mtu, na fundi wa kupogoa, dawa ya mchwa na kuzibua mitaro iliyojaa majani vilihitaji laki sita kila miezi mitatu. Wenye nyumba wangelipa. Swali lilikuwa nani alipe kiasi gani.

"Anayefaidi ndiye alipe," Mpima alimsomea mkewe. "Jumla igawanywe kwa idadi ya miti. Mwenye mti mbele ya nyumba yake atalipa fungu moja. Asiye na mti hatalipa."

Bi Tunu alikung'uta sufuria. "Anayefaidi ni mwenye mti au anayekaa chini yake?"

"Kivuli hakipimiki, Tunu. Asubuhi kiko huku, jioni kiko kule. Shina linapimika."

"Haya, bwana. Na mtu akikata shina lake?"

Mpima alikuwa anachonga penseli. Alisema atamjibu akimaliza. Bi Tunu akaingia ndani, akabandika wali.

Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile. Kesho yake asubuhi Bi Tunu alianguka jikoni kwa shinikizo la damu, na kabla ya magharibi alikuwa amezikwa.

Sasa sikilizeni jinsi kanuni ilivyopita. Siku ya hitima, watu wakiwa bado kwenye mikeka na mikono inanuka pilau, Mwenyekiti Mhando aliona wamalize kabisa na suala la miti, maana akidi ilikuwa imetimia. Mhando aliishi nyumba ya kumi na tatu, ya kona. Mkungu wake aliukata miaka mingi nyuma ili apate pa kuegeshea gari, kisha akauza gari.

"Kwa heshima ya mfiwa," alisema, "napendekeza tusibishane."

Hakuna aliyebishana. Nani angeinua mkono msibani aseme mfiwa amekosea hesabu? Walioulizwa kama wanakubali waliitikia amina. Mwenyekiti akaongeza kidogo tu: mti usikatwe ila kwa kibali, na kibali kisitolewe ila mti ukihatarisha ukuta, paa au nyaya, na mti usiolipiwa ung'olewe, kwa kuwa mti usiotunzwa ni hatari kwa umma.

Alhaji Mbaruku naye, mwenye mkungu mkubwa kuliko yote, aliinama sikioni mwa Mpima huku akimshika mkono wa pole. "Mungu akupe subira, ndugu yangu. Wangu ni mkubwa, wasije wakanihesabia miwili. Andika: mti ni mti, uwe mkubwa au mdogo."

Mpima akaandika. Siku ile angeandika chochote.

Basi karani wa kamati akapita na daftari lake Jumamosi ya kwanza. Akahesabu miti kumi na miwili, kila nyumba ikalipa elfu hamsini, fundi akapanda ngazi, akapogoa, mtaa ukapendeza. Watu wakasema Mpima ni msomi kweli.

Wiki chache baadaye Alhaji Mbaruku alionekana akitoka na ndoo zinazofuka mvuke. Alisema anaua siafu. Aliua siafu siku nne mfululizo. Mwezi haujaisha, mkungu wake ukapukutisha majani yote, na Alhaji akasimama chini yake akitikisa kichwa. "Mipango ya Mungu," alisema.

Mpima, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliona chumvi imeganda nyeupe kuzunguka shina. Alijua maana yake. Vilevile alijua kwamba akilisema hilo mbele ya watu itabidi alijibu swali aliloulizwa siku ile barazani, na mwenye kuliuliza hayupo. Akanyamaza. Mti ukapungua, mgawo ukapanda.

Mgawo ulipopanda, kuta zikaanza kupasuka. Kuta zilizosimama tangu enzi za baba zao zilipata nyufa ndani ya wiki mbili, na nyufa nyingine zilikuwa na alama za patasi. Mwenyekiti alikwenda kuzitazama moja moja, akasikitika, akapiga muhuri. Mti ukapungua, mgawo ukapanda. Miti ikabaki sita, mgawo ukawa laki moja. Ikabaki mitatu, ukawa laki mbili. Mtu angeuliza kwa nini fundi wa miti mitatu alipwe sawa na wa miti kumi na miwili. Mpima aliuliza.

"Bajeti imeshapitishwa," Mwenyekiti alimjibu. "Unataka tuirudishe ilikotoka?"

Wakati huo wote Mpima alikuwa anaosha mchele. Nyuma ya jiko Bi Tunu aliacha makopo ya maziwa alimopanda mbegu za kungu, kumi na manne. Alikusudia kuwagawia majirani, mti wa mtu ukizeeka apate wa kubadilisha. Miche miwili ilikufa. Iliyobaki Mpima aliimwagilia kama alivyoona ikimwagiliwa, kwa maji ya mchele, na aliosha mchele hata siku ambazo hakupika.

Ikabaki mikungu miwili: wa kwake na wa Mama Sabra, mjane aliyeuza chapati chini ya mti wake na kusomesha binti kwa jiko hilo. Mgawo ulikuwa laki tatu. Asubuhi moja Mama Sabra alibisha hodi, macho mekundu.

"Shemeji, leo nakata. Nimekuja nikuambie mwenyewe, usije ukasikia msumeno."

"Ukuta wako una ufa?"

"Sina ukuta, nina wigo wa mabati. Mwenyekiti kasema mabati nayo yanaweza kupasuka."

Akakata. Kisha, kwa kuwa jua lilimchoma, akahamishia jiko chini ya mkungu wa Mpima. Alhaji Mbaruku alikwisha kuleta kiti chake na tasbihi. Wenye nyumba wengine walileta mikeka na birika la kahawa, na Mwenyekiti akahamishia hapo vikao vya mtaa, maana ofisi yake ilikuwa tanuri. Kibao cha Barabara ya Mikungu kilikuwa bado kimesimama. Hakuna aliyeona haja ya kukigusa.

Ijumaa moja baada ya alasiri kikao kiliitwa. Wote walikuwa hapo, kivulini, nao waliambiana hali ya hewa ni nzuri. Mwenyekiti akafungua jalada.

"Mzee Mpima, kesho karani anahesabu. Mti ni mmoja, jumla ni laki sita, kwa hiyo mgawo wako ni laki sita. Usipolipa, Jumatatu tunaung'oa. Sisemi mimi. Kanuni ni yako."

Pensheni ya Mpima haikufika hata nusu ya hapo. "Naomba kanuni ibadilishwe," alisema. "Wanaokaa chini ya mti walipie mti. Nilikosea."

Watu wakainamia vikombe vya kahawa, kama wafanyavyo mtu akitaja ugonjwa wake hadharani.

"Sasa ndugu yangu," alisema Alhaji, "mimi nilipie mti gani? Wangu Mungu aliuchukua. Kosa langu nini? Nimekuja kukaa na wewe usiwe mpweke. Pole inatozwa siku hizi?"

"Wako uliuchemshia maji ya chumvi."

"Ulishuhudia?"

"Niliona."

"Basi ungesema siku ile. Uliona ukanyamaza, leo umefikiwa ndiyo unakumbuka. Na kanuni ni yako."

Mama Sabra aliendelea kukanda unga. Alisema bila kumtazama. "Mimi sikuua kwa siri, shemeji. Nililipa kila mgawo mpaka wa laki mbili, nikakopa. Kila mtu aliyekata alinitupia mzigo wake, na karatasi iliyowafundisha kukata uliiandika wewe. Marehemu alinidokeza penye wigo siku ileile ulipoiandika, akacheka: 'Mume wangu anawatoza watu kodi ya kuwa na mti.' Sasa nimlipie nani, na nilipie nini? Kanuni ni yako."

Mpima hakujua kwamba mkewe alicheka. Akamgeukia Mhando.

"Na wewe, Mwenyekiti?" aliuliza. "Wewe unakaa hapa kuliko wote."

"Mimi nipo kazini," alisema Mhando. "Tena mimi peke yangu katika mtaa huu sijanufaika na lolote. Sikuwa na mti wa kukata. Wengine wamepata kuni."

Ikapigwa kura. Mikono ya kuacha kanuni ilivyo iliinuka kumi na mmoja. Mama Sabra hakuinua wake. Mikono yake ilikuwa na unga. Mwenyekiti aliuhesabu pamoja na ya wengine kwa kuwa hakupinga, akafunga kikao kwa dua, na kila mtu akabaki palepale alipokuwa, kwa sababu jua lilikuwa bado kali.

Jioni Mpima alitoa nakala yake ya kanuni. Aliisoma kama alivyokuwa akisoma ramani za mipaka, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Alipofika kifungu cha Alhaji alikisoma mara mbili. Kisha akaosha mchele, mwingi kuliko siku zote, akayaweka maji kwenye ndoo.

Asubuhi iliyofuata, baada ya swala ya alfajiri, Mpima alitoka na jembe, futikamba na yale makopo ya maziwa. Alianza kwa Alhaji Mbaruku. Alipima katikati ya geti, akahesabu mita mbili kutoka mtaroni, kwenye ardhi ya barabara ambayo si ya mtu, akachimba, akapanda mche, akamwaga maji ya mchele. Akaenda geti la pili, akapima, akachimba, akapanda, akamwaga. Geti la tatu vivyo hivyo. Kwa Mama Sabra alisimama muda mrefu kidogo na kopo mkononi. Kisha akapima, akachimba, akapanda, akamwaga. Mche wa kumi na mbili aliupanda kona, mbele ya nyumba ya Mwenyekiti.

Saa tatu karani alikuja na daftari. Alihesabu mkungu mkubwa, akaandika mmoja. Akatazama kwa Alhaji, akainama, akakuna kisogo, akafungua kanuni. Mti ni mti, uwe mkubwa au mdogo. Akatazama kama mche unahatarisha ukuta, haukufika magotini. Akaandika wa pili. Wenye nyumba walianza kutoka mmoja mmoja, wengine na miswaki mdomoni, wakamfuata karani akiinama geti hadi geti. Alipofika kona alijumlisha: kumi na mitatu, kila geti fungu moja. Mwenyekiti alimwomba ahesabu upya, akahesabu upya, ikawa kumi na mitatu. Mama Sabra alikuwa ameliwasha jiko. Aliutazama mche wake, akamtazama Mpima, akageuza chapati.

Haya, ninyi mnaosikiliza, na najua wengine mmekaa chini ya mti wa mtu. Miti ni kumi na mitatu, kivuli ni kimoja, na laki sita zinatakiwa. Yupo aliyemwaga maji ya moto kwanza, kisha akaja kutoa pole. Yupo aliyekata mwisho, na mkopo shingoni. Yupo ambaye hakuwa na mti wowote, na ndiye aliyepiga muhuri. Na yupo aliyeandika kanuni, akaona inavyoua, akanyamaza, kisha akawarudishia wote kanuni ileile, mwenye hatia na mjane kwa kipimo kimoja. Je, nani alistahili kulipia kivuli cha Bi Tunu?