Baraka za Ufagio wa Sultani

Hapo zamani za masultani, alikuwako Sultani Badiri, mtu mpenda usafi kupita kiasi, ambaye aliusakafia uwanja wa jumba lake wote kwa chokaa, ukang'aa hata kunguru wakaogopa kutua. Ikawa kila mvua inyeshapo, maji hayana pa kuzama, hutoka langoni kwa kishindo na kuteremkia mtaa wa Bondeni, alikokaa Feruzi mchimba visima na wanawe watatu. Ukuta wa Feruzi ulikwisha kuanguka mara mbili. Basi akaenda kushitaki, na mshitakiwa na hakimu walikuwa mtu mmoja.

Sultani akachukia. Akamwambia, "Kwa kuwa wayalalamikia maji yangu, wewe utayatunza. Mvua za vuli zikija, tone lisitoke langoni, wala tone lisisimame uwanjani mwangu. Likitoka au likisimama, utahama mji huu, wewe na wanao."

Baraza zima likacheka, Waziri Mwidadi akicheka kuliko wote, maana ndiyo kazi aliyolipwa. Feruzi hakucheka, kwani hakuwa na mji mwingine.

Akaomba ruhusa ya kuchimba. Akainua kizingiti cha lango kuzuia maji, akavunja sakafu upande wa chini, akachimba mashimo manne mpaka akaufikia mchanga, akayajaza mawe makubwa, juu yake kokoto, na juu kabisa mchanga wa chengachenga. Vuli ikanyesha siku tatu. Maji yakaenda mbio mpaka mashimoni, yakanywewa na ardhi. Sultani akayatafuta langoni asiyaone, akayatafuta uwanjani asiyaone, akarudi barazani. Feruzi akasihi jambo moja tu, kwamba juu ya mashimo pakwanguliwe tope kila mwezi. Waziri akamjibu kuwa hajapata kusikia shimo linaloogeshwa.

Sasa jumba lile lilikuwa na desturi: takataka za ufagio hazitolewi langoni, zisije zikatoka na baraka za nyumba. Huzikwa nyuma ya zizi, na zizi lilikuwa mbali. Wafagiaji walipoona mashimo yako karibu, wakamshukuru Mungu, wakafagilia humo miezi minne.

Masika yalipoanza, uwanja ukawa ziwa, maji yakapanda ngazi za baraza, na viatu vya Sultani vikaelea vikienda zao langoni. Feruzi akaletwa, na wanawe walikuwa wamekwisha kufunga mizigo. Akapiga magoti majini, akatia mkono shimoni, akatoa majivu, manyoya ya kuku na kokwa za tende.

"Ewe bwana wangu," akasema, "shimo hili lingali tiifu. Liliambiwa linywe maji, likanywa. Likaletewa baraka zako, likazipokea mpaka likashiba. Naweza kulizibua hivi leo, lakini sithubutu kuzitoa baraka zako nje ya lango. Amri ni yako: zitoke baraka, ama yakae maji."

Sultani akamtazama Waziri, naye Waziri akavitazama viatu. Kisha Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea, akasema, "Zitoke baraka. Na mwenye cheo ndiye azibebe, tusizivunjie heshima."

Basi Waziri Mwidadi akajitwika tenga la kwanza, tope likimchuruzika ndevuni, na wafagiaji nyuma yake. Yakatoka matenga sitini. Maji yakaanza kuzama, na Feruzi akapewa ruhusa ya kuingia jumbani kila mwezi bila kubisha hodi. Wanawe wakafungua mizigo. Hekaya yetu imekomea hapo langoni. Aliyejitwika tenga na alitue.