Mpya, Mpya Kabisa na Mpya ya Mwisho

Wewe unayetikisa kichwa mkutanoni hali hujaelewa, usigeuze uso, nakuona. Tangu enzi za babu zetu watu wameitikia maneno wasiyoyajua, wakaamka malisho yamekwenda. Nalotuesha alikataa kuitikia.

Binti huyu wa Loliondo alikuwa fundi mgeni wa kompyuta katika kampuni moja ya Karatu inayopeleka watalii kreta kutazama wanyama. Programu zao zilikaa katika makontena ya kompyuta, yaani vifurushi vyenye kila kinachohitajika kuziendesha, na programu nyingine ya kigeni iliyapanga kama mchungaji apangavyo mifugo zizini. Waliotunga maneno yake hawakumhurumia mtu: fungu la makontena waliliita podi, na kitu chenye kazi ya kuelekeza njia tu wakakiita huduma. Remigius, fundi mkuu, akatonesha kidonda: vyumba vitatu vya kutenganishia programu humo kompyutani akavipa majina Mpya, Mpya Kabisa na Mpya ya Mwisho.

Asubuhi moja akaamuru chumba cha zamani kifutwe. Ofisi nzima ikaitikia. Nalotuesha, aliyekabidhiwa kazi hiyo, akaondoa mkono kwenye kibodi. Nafasi walizoweka wageni wa kesho zilikuwa katika kimojawapo cha vyumba hivyo. Zikifutika, madereva wangebaki kufuta vumbi magari yasiyokwenda popote.

"Kaka Remi, samahani. Cha zamani ni kipi?"

"Dada, jina linajieleza. Kwani kwenu ng'ombe mnawauliza majina?"

"Kwetu ng'ombe huitwa kwa rangi yake na kwa mama yake. Hatuna anayeitwa Mpya ya Mwisho."

Kicheko kikalipuka. Remigius naye akicheka, akaonyesha Mpya kwa kidole. Hapo Eva, mpokea wageni, akaruka kitini: nafasi zote yeye huziingiza humo humo. Silvanus, fundi wa pili, akaapa kwamba ziko Mpya Kabisa. Kumbe kila aliyeitikia aliitikia chumba chake!

Wakafungua. Nafasi zilikuwa Mpya, kile kile kilichohukumiwa. Remigius akanywea kama kuku aliyenyeshewa, kisha akacheka mpaka machozi, akamwomba Nalotuesha avibatize upya. Vikaitwa kwa kazi zake: Nafasi za Wageni na Majaribio; cha tatu kilikuwa kitupu, na ndicho kilichofutwa. Kesho yake magari yakateremka kreta yamejaa, madereva wakipigiana honi kama wako harusini.

Basi lipo neno ulilolikubali jana bila kulielewa. Inuka sasa hivi ukaliulize, kabla halijafuta riziki ya mtu. Kuuliza si ujinga.