Michi Miwili, Kinu Kimoja

Mama mmoja, Bi Kidawa, alikuwa na mabinti wawili, Mwatumu na Mboni, na kinu kimoja. Kwao mabinti wa nyumba hutwanga pamoja: mmoja anashusha mchi, mwenzake anainua. Wakikosea zamu, michi inagongana. Aliyekosea husema kwamba kakosea, mwenzake humngoja, wanaanza tena. Ndivyo watu wanavyojifunza.

Bi Kidawa hakuwa na subira hiyo. Michi ikigongana, Mwatumu na Mboni wakianza kurushiana maneno, yeye alikuja na fimbo. Hakuuliza nani kakosea wala kwa nini. Aliwachapa wote wawili, akamtuma mmoja maji na mwingine kuni. Mwishowe akampa kila mmoja kinu chake, huyu uani, yule nyuma ya jiko. Kelele zikaisha. Majirani wakamsifu kwa kulea watoto wenye adabu, naye akavimba kichwa. Adabu gani! Mabinti walikuwa hawasemezani.

Miaka ikapita, kaka yao akaoa. Mpunga wa harusi, kwa desturi, hutwangwa na mabinti wa nyumba katika kinu kimoja, mbele ya wakwe. Wakasimama pale, watu wazima sasa, nyuso zimekunjamana. Michi ikagongana. Hakuna aliyesema neno. Ikagongana tena, na kila mmoja akazidisha nguvu. Mboni akaingiza mkono kuugeuza mpunga. Mwatumu aliuona mkono ule, na hakungoja. Vidole vya dada yake vikapondeka, mpunga ukaloa damu.

Bi Kidawa akapiga ukelele, "Nani kawafundisha unyama huu?"

Mwatumu akajibu, "Mama, ulitufundisha kunyamaza. Kupatana hukutufundisha."

Nasi walimu na wazazi wa shule hii, tunafanya nini? Wanafunzi wawili wakipigana, tunawachapa, mmoja tunamhamisha darasa, mwingine tunamrudisha nyumbani, kisha tunajisifu kwamba shule ina amani. Neno hilo linanipandisha hasira. Ni lini tuliwakalisha chini wakaelezana kilichowaudhi? Ni lini tuliwaonyesha namna ya kuomba radhi, na namna ya kuipokea? Hawa ndio watakaokuwa mume na mke kesho, na majirani wanaopakana mashamba. Siku watakapotoleana mapanga, tutakuwa na uso gani wa kuwaita wakatili?